Gari zito kuchanganya: kiboksi cha throto kitasaidia, au ugonjwa uko kwingine?

Unakanyaga mafuta, gari linajishauri kwanza, ndipo linaondoka. Mwenye gari la namna hiyo siku hizi hakosi mtu wa kumwambia anunue throto kontrola, kile kiboksi kidogo kinachochomekwa kati ya pedali ya mafuta na waya zake. Kinauzwa mtandaoni kwa maneno makubwa, na kukifunga ni kazi ya dakika chache. Tatizo ni kwamba wengi wanakinunua kabla ya kujua gari linaumwa nini.

Kiboksi kinafanya nini

Kwenye gari lenye throto ya umeme hakuna kebo inayotoka kwenye pedali kwenda kwenye injini. Pedali ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kontrol boksi (kompyuta ya injini), na kontrol boksi ndiyo inayoiagiza mota ya throto ifungue kwa kiasi gani kipepeo, yaani kibati kinachoruhusu hewa kuingia kwenye injini. Kiboksi kinakaa katikati ya njia hiyo na kubadilisha ujumbe. Mguu umekanyaga asilimia 20, chenyewe kinapeleka volti za asilimia 35 au 40, kutegemea umekiweka kwenye hali gani: ya kiwandani, Eco au Sport. Ukikanyaga hadi chini kinapeleka 100, kwa sababu juu ya hapo hakuna kitu cha kupeleka. Hakiongezi hewa wala mafuta, hakigusi muda wa cheche, hakibadilishi programu ya giaboksi.

Anayesema gari lake limebadilika baada ya kukifunga hasemi uongo. Watengenezaji wengi hulegeza sehemu ya mwanzo ya pedali makusudi ili gari liondoke taratibu na litumie mafuta kidogo, na kiboksi kinaifupisha safari hiyo ya mguu. Kontrol boksi nyingi pia huchuja ishara ya pedali ili abiria wasirushwe mbele na nyuma. Uchujaji huo hauondoki, ila unapewa ishara kubwa mapema zaidi. Nguvu ya injini inabaki ileile.

Kwanza hakikisha gari lenyewe lina throto ya umeme. Fungua boneti, mtu mwingine akanyage pedali, wewe tazama throto au pampu ya dizeli. Ukiona kebo ya chuma inavutwa, hadithi ya kiboksi imeishia hapo. Land Cruiser za injini ya 1HZ na Hilux za zamani za 5L zina pampu ya dizeli ya kimekanika. Hakuna mahali pa kukichomeka.

Jaribio la kukanyaga hadi chini

Hili ndilo linaloamua, nalo halina gharama. Tafuta lami iliyonyooka isiyo na mlima wala magari mengi; barabara ya Tabora kwenda Nzega ina vipande vya kutosha. Injini iwe imeshapata joto, AC imezimwa, kitufe cha ECO kimezimwa. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa kanyaga hadi sakafuni, abiria apime sekunde mpaka 70. Rudia mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, kwa sababu upepo na mwinuko usioonekana kwa macho vinaharibu majibu, kisha chukua wastani. Gari la gia ya mkono libaki kwenye gia ileile, bila kubadilisha, muda wote wa jaribio. Fanya nje ya vibao vya 50. Tochi ya trafiki haijui kwamba unapima gari.

Baada ya hapo rudia kwa mguu mwepesi, kama robo ya pedali.

Likichomoka vizuri ukikanyaga hadi chini lakini likawa zito kwa mguu mwepesi, hiyo ni tabia ya pedali na kiboksi kinaweza kuibadilisha. Likiwa zito hata hadi chini, kiboksi hakina la kuongeza, tafuta ugonjwa. Aliyekwisha kukifunga apime kwenye hali ya kiwandani na kwenye Sport. Kwa kukanyaga hadi chini sekunde zitalingana, na tofauti ya sehemu mbili tatu za kumi za sekunde ni ya mkono wa anayebonyeza saa.

Ukitaka kuona udanganyifu wenyewe kwa namba, chomeka kifaa cha ELM327 (kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari) kwenye soketi ya kupimia chini ya dashibodi na ufungue programu yake kwenye simu. Weka kipande cha mbao nyuma ya pedali ili isimame nusu kila mara. Swichi iwe ON, injini imezimwa. Soma nafasi ya pedali kwenye hali ya kiwandani, kisha kwenye Sport: mbao ni ileile, namba inapanda. Usishangae kwamba Toyota inaonyesha kama asilimia 15 au 16 wakati hujakanyaga kitu, na hadi chini haifiki 100. Programu inapima volti za sensa dhidi ya volti 5, haipimi mguu wako. Ukimaliza, toa mbao kabla ya kuwasha injini.

Gari lilikuwa jepesi Dar es Salaam, Tabora limekuwa zito

Huenda haliumwi. Mji wa Tabora uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 88, wakati pwani ni 101. Injini isiyo na tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini) inapoteza takriban sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo peke yake, na hakuna kiboksi wala plagi ya bei mbaya itakayoirudisha. Gari la injini ndogo lenye watu watano na mizigo nyuma litalionyesha hilo mara moja. Kigoma ufukweni mwa Tanganyika hewa ni nzito kidogo, kama kilopaskali 92, lakini ukianza kupanda kuelekea Manyovu unaipoteza tena. Zenye tabo hazisumbuki kiasi hicho kwa sababu tabo inafidia.

Hapo hapo kuna kipimo cha bure. Swichi ON, injini imezimwa, soma mgandamizo wa hewa kwenye simu. Kwa Tabora ukipata 87 hadi 89, sensa ni nzima. Ukipata 100 au 75, sensa inadanganya na mchanganyiko wa mafuta unaharibika nayo.

Zito hadi chini, na halikuwa hivyo

Mkoani kwetu Tabora anza na hewa, hasa kati ya Mei na Oktoba. Gari linaloingia Sikonge au vijiji vya Uyui kwa njia za vumbi linaziba chujio la hewa muda mrefu kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Litoe, liangalie dhidi ya jua. Mwanga usipopita kwenye mikunjo, badilisha. Kulipuliza kwa kompresa kunasaidia kwa muda tu, tena upulizie kutoka ndani kwenda nje na mdomo wa hewa uwe mbali, maana karatasi ikitoboka vumbi linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Angalia pia mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye throto. Ukipasuka chini, mahali pasipoonekana, hewa inapita bila kupimwa.

Kinachofuata ni sensa ya hewa, ile yenye waya mwembamba ndani. Vumbi na mafuta ya yale machujio ya kuosha huiganda, ikapima hewa kidogo kuliko inayoingia. Injini ya lita 1.5 iliyopata joto, bila AC, kwa kawaida huonyesha kama gramu 1.5 hadi 3 kwa sekunde ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa. Kinachosema zaidi ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (kwenye simu, long term fuel trim): yakizidi chanya asilimia 10, kontrol boksi inaongeza mafuta kufidia kitu, nacho ni sensa chafu, hewa inayovuja au pampu ya mafuta dhaifu. Namba ya kosa P0171, inayosomwa kwa kifaa kilekile, huja na hali hii. Osha sensa kwa dawa yake maalumu ya kupulizia, usiguse waya kwa kidole wala pamba, iache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Petroli na dawa ya kabureta visikaribie.

Marekebisho yakiwa sawa kwenye sailensi lakini yakapanda sana gari linapokanyagwa, ondoka kwenye hewa nenda kwenye mafuta: chujio la mafuta, pampu, na petroli yenyewe. Petroli ya vidumu iliyochanganywa na mafuta ya taa inalifanya gari ligonge na kukosa nguvu, na mashine haitakutajia mafuta ya taa kwa jina.

Injini inayomisi, yaani silinda moja haichomi mafuta vizuri, utaijua kwa mtikisiko, hasa ukikanyaga ghafla kwenye gia kubwa. Namba P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Namba ikihama nayo, koili imekufa, isipohama angalia plagi.

Mshale wa RPM ukipanda halafu gari halifuati, achana kabisa na throto. Hiyo ni giaboksi, na kwenye CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) mara nyingi kuna mtu aliweka hydraulic, yaani mafuta ya giaboksi, ya kawaida badala ya ya CVT. Kiboksi kwenye gari kama hili kinaharakisha kifo cha mkanda wa ndani.

Likiwa zuri RPM ikiwa chini lakini linakata pumzi RPM ikipanda, kana kwamba kuna mkono unalishika, fikiria masega (kichuja moshi ndani ya ekzosi) yaliyoziba. Fundi atoe sensa ya oksijeni ya mbele na kupima mgandamizo kwenye tundu lake. Kuyang'oa masega kama wengi wanavyofanya kunaleta P0420 na moshi wenye harufu, na sababu iliyoyaziba (kumisi, au injini kula oili) inabaki palepale.

Dizeli zenye tabo kama 1KD ya Toyota: sikiliza mluzi au kupumua kwa hewa kwenye mipira ya tabo na intakula (kipoza hewa ya tabo) ukikanyaga. Moshi mweusi pamoja na uzito mara nyingi ni mpira uliopasuka au klipu iliyolegea. Na kwa gari lolote, ukitoka safari isogezee kila rimu kiganja bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki inashika, na hakuna throto duniani itakayoishinda.

Zito mwanzoni tu, ukishalianzisha linakwenda

Hapa ndipo kiboksi hununuliwa sana, na hapa ndipo throto chafu hujificha. Masizi meusi hujijenga kuzunguka ukingo wa kipepeo, sailensi inashuka au inapanda na kushuka, na mguso wa kwanza wa pedali hauleti kitu. Kwanza, hata hivyo, angalia vitu vya aibu: kitufe cha ECO kimewashwa, au mkeka wa sakafuni umekunjika chini ya pedali na kuizuia isifike chini.

Kuosha throto: swichi OFF, toa ufunguo, chomoa waya hasi wa betri. Toa mpira wa hewa. Pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa, siyo moja kwa moja kwenye throto ikaingia kwenye mota, kisha futa ukingo wa kipepeo na ukuta wake mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kipepeo kisogezwe polepole na kwa uangalifu. Usikisukume kwa nguvu, gia zake ndogo ni za plastiki, na mtu asiwashe swichi wakati kidole kiko ndani.

Ukimaliza gari linaweza kuwa na sailensi ya ajabu, kwa sababu kontrol boksi ilikuwa imezoea uchafu. Nissan zinahitaji kufundishwa upya: mguu usiguse pedali, swichi ON angalau sekunde 2, OFF angalau sekunde 10, ON sekunde 2, OFF sekunde 10. Kisha ON mara moja, OFF, na ndani ya sekunde 10 usikilize kipepeo kikijisogeza. Sailensi ikibaki juu, kuna hatua ya tatu ya kufundisha hewa ya sailensi, nayo ni rahisi zaidi kwa mashine. Toyota nyingi hujirekebisha zenyewe ukiacha injini sailensi mpaka ipate joto na kuendesha kidogo.

Throto ikiwa safi, sensa safi, jaribio la hadi chini zuri, na mwanzo bado mlegevu: sasa kiboksi kina kazi.

Umefunga, taa ya injini imewaka

Namba P2138 maana yake ishara mbili za pedali haziendani. Kwenye Toyota nyingi ishara ya kwanza ni volti 0.5 hadi 1.1 bila kukanyaga na 2.6 hadi 4.5 hadi chini. Ya pili ni 1.2 hadi 2.0, na 3.4 hadi 5.0. Zinapanda pamoja, pengo lao likibaki karibu volti 0.8. Nissan zina mpango tofauti, ya pili ni takriban nusu ya ya kwanza. Ndiyo maana kiboksi cha Toyota hakiendi kwenye Nissan hata kama soketi ingekubali, na vile vya bei ya chini visivyotajiwa modeli ni kamari. P2122 na P2127 ni volti ndogo mno, mara nyingi soketi haijaingia mpaka mwisho. P2123 na P2128 ni volti kubwa mno.

Gari likiwa kwenye hali ya kujilinda litakataa kuongeza mwendo au litatambaa. Liegeshe, zima, chomoa kiboksi, rudisha soketi ya kiwandani, futa namba. Zisiporudi, kosa ni la kiboksi au la kufunga. Zikirudi bila kiboksi, pedali yenyewe au waya zake ndizo zenye shida.

P2111, P2112 na P2135 ni za throto, siyo za pedali. Kuziona baada ya kufunga ni bahati mbaya ya wakati, au kipepeo kilichokuwa tayari kinakwama kimeanza kuagizwa kwa kasi kikashindwa.

Linarukaruka, linachimba mchanga, linakula mafuta

Hali ya Sport inakuza kila kitu, pamoja na mtikisiko wa mguu. Kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi mguu unacheza kidogo, gari linaruka sana. Kwenye kichanga, na Tabora kipo cha kutosha, tairi zinazunguka papo hapo na kujichimbia. Kwa njia hizo weka hali ya Eco ya kiboksi, inayofanya kinyume: inalainisha mwanzo wa pedali. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu yake yenye faida zaidi kwa matope ya masika na michanga ya kiangazi, ingawa hakuna anayeitangaza.

Mafuta yanaongezeka kwa sababu kipepeo kinafunguka zaidi na giaboksi ya otomatiki, ikiamini umekanyaga sana, inashusha gia mapema. Punguza ngazi mbili tatu ndani ya hali hiyohiyo kabla ya kukilaumu kiboksi.

Kukifunga kisilete shida

Zima gari, toa ufunguo nje, funga milango na subiri kama dakika 10 ili kompyuta zilale. Kuchomoa pedali ikiwa macho ndiko kunakowasha taa ya injini siku ya kwanza. Soketi iko juu kabisa ya mkono wa pedali. Bonyeza ulimi wake, vuta soketi, siyo waya. Chomeka ncha mbili za kiboksi mpaka kila moja ilie. Waya ziishie juu, zifungwe kwa vifungio vya plastiki, mbali na safari ya pedali na mti wa usukani. Waya unaoning'inia karibu na pedali ya breki ni hatari kuliko faida yote ya kiboksi. Kama kijitabu kinataka kufundisha, swichi ON bila kuwasha injini, kanyaga hadi chini, shikilia kwa sekunde zilizoandikwa, achia.

Kabla ya kutoka uani, anza na ngazi ya chini kabisa. Likianza kuvuma lenyewe, kanyaga breki kwa nguvu mara moja bila kuipampu, weka N, kisha zima. Kwa ufunguo rudisha ACC tu, usifike LOCK usukani ukajifunga. Kwa kitufe, Toyota nyingi zinazima ukikishikilia kama sekunde 3.

Gari limetoka Japani na tangu siku ya kwanza linarukaruka

Baadhi ya magari yaliyotumika huja na kiboksi kimefungwa tayari, kikiwa kimefichwa nyuma ya dashibodi kwenye hali aliyoipenda mwenye gari wa kwanza, na maandishi yake ni ya Kijapani. Piga tochi juu ya pedali ufuate waya. Soketi ya kiwandani ikiingia kwenye waya mwingine mweusi badala ya kuingia kwenye pedali, umekipata. Kitoe kwa hatua zilezile, unganisha pedali moja kwa moja, futa namba na uendeshe siku mbili tatu. Pedali iliyoonekana kali mno itarudi kuwa ya kawaida, na ukilikuta sasa ni zito, rudi kwenye jaribio la kukanyaga hadi chini.